Kutoka kasete mpaka ordinateri: karindula yetu imepata nini, imepoteza nini?

Tunaanza na jambo lenye kutuletea haya kidogo. Mwaka 2004, wakati tulikuwa tumetoka katika Institut Supérieur Pédagogique na tumeanza tu kufundisha, tulimpeleka mzee mmoja wa Katuba, mpiga karindula, katika studio ya nyumbani ya fundi mmoja hapa Lubumbashi. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya lupango, madirisha yamezibwa na magodoro ya zamani. Mzee aliimba, na fundi alikamata sauti yake juu ya kasete. Miaka mitano kisha, 2009, fundi alipokuwa amekwisha kununua ordinateri, tulimrudisha mzee pale pale arudilie wimbo ule ule. Leo tuko na vipande vya kazi zote mbili. Tumevisikiliza mara nyingi, peke yetu na pamoja na wanafunzi wa mwaka wa sita, na tunataka kusema wazi tunachosikia. Haya yenyewe ni hii: ile kazi ya pili, siku ile tuliisifu sana.

Kwa wale wasiojua, karindula ni chombo cha nyuzi nne, kirefu kama mtu, tumbo lake ni pipa au bati la mafuta lenye kufunikwa na ngozi ya mbuzi. Mpigaji anasimama nyuma yake au anaikalia. Jina hilo hilo tunalitumia kwa muziki wenyewe na kwa kikundi. Wengine katika kitabu hiki wameandika juu ya asili yake, hatutarudilia. Kwa mzee wetu kulikuwa karindula kubwa, ndogo moja, chupa ya Fanta yenye kugongwa na msumari, na waitikiaji watatu: mama wa nyumba yake na watoto wawili wa dada yake.

Wimbo ni wa mtu aliyetoka kijijini kufika kwenye machimbo wakati wa Wabeleji, na mama yake amebaki anamngoja. Si jambo jipya; nusu ya nyimbo za Katanga zinazungumuza safari hiyo. Lakini katikati ya wimbo mzee anaacha hadisi na anaanza kuita majina ya watu wake waliokufa, mmoja mmoja. Ni majina 11. Kwa kila jina waitikiaji wanajibu neno moja tu, lile lile. Hapo ndipo uzuri wote wa wimbo unakaa, na hapo ndipo tutarudi.

Kwanza mashine. Ile ya zamani ilikuwa ya njia nne, au piste nne kama mafundi wanavyosema. Kampuni TASCAM ya Japani ilitoa ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1979, ikitumia kasete ya kawaida kabisa, hii tunayonunua sokoni. Bande ya kasete ina upana wa milimita 3.81 tu. Redio ya nyumbani inatumia njia mbili kwa upande mmoja, na mbili kwa upande wa pili ukigeuza. Mashine ya studio inachukua zote nne kwa mara moja, kwenda mbele tu, kwa hiyo hakuna kugeuza. Tena ile ya fundi wetu ilikuwa ya mwendo wa mara mbili, sentimita 9.5 kwa segonde, ili sauti iwe safi zaidi. Fanya hesabu: kasete ya dakika 60 inakupa dakika 15. Basi.

Dakika 15 hizo zilitufundisha mambo mengi. Kasete nzuri ilikuwa na bei, mshahara wa mwalimu mwajua wenyewe, na fundi alikuwa na mashine moja yenye kupokea mikro mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kikundi kilijizoeza wiki tatu mbele ya kuingia studio. Siku yenyewe, wote walikaa chumba kimoja. Mikro ya kwanza kwa mzee, sauti na karindula pamoja. Ya pili kwa chupa na waitikiaji. Kisha, juu ya njia ya tatu, wakaongeza karindula ndogo, na ya nne wakina mama wawili wa jirani walioitikia kwa sauti ya juu. Walirudia mara mbili tu. Mara ya pili ndiyo tulibaki nayo.

Tusiseme kwamba kazi ile ilikuwa kamili. Kuna upepo wa bande toka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anakaanga kitu katika chumba cha pembeni. Chupa ilikaa karibu sana na mikro, inatoboa masikio. Mama, mwenye sauti nzuri kuliko wote, alikaa nyuma ya chupa, na mara nyingi unamsikia kama mtu anayeita toka ng'ambo ya barabara. Fundi alizoea kusukuma sindano mpaka kwenye rangi nyekundu, sababu bande inavumilia: ukiizidishia sauti, inaifinya polepole, inakuwa nene. Lakini pale karindula inapigwa kwa nguvu, unene ule unageuka matope.

Na bado, sikiliza majina. Kwa jina la kwanza waitikiaji wanajibu haraka, wamejiandaa. Kwa la tatu mmoja wa vijana anawahi, mwingine anamfuata. Jina la tano ni la mtu ambaye, inaonekana, walimjua wote, sababu wanajibu chini, karibu bila sauti, na mzee anangoja kidogo mbele ya kuendelea. Kwa la saba mama anachelewa. Halafu mzee anapandisha mwendo, majina ya nane na ya tisa yanafuatana mbiombio, chupa inamkimbilia. Mwendo wa wimbo mwanzoni na mwendo wake mwishoni si mmoja. Mwanafunzi mmoja alitusemea: «Mwalimu, iko sawa vile banatembea.» Tulifundisha masaa mengi juu ya mapigo na hatukupata neno bora kuliko hilo.

Sasa 2009. Ordinateri ilikuwa ya mkono wa pili, na kadi yake ya sauti ya bei rahisi. Hatutaki kudharau kilicholetwa na chombo hiki. Ordinateri haina bande. Inapima sauti mara 44,100 kwa kila segonde na kuandika kila kipimo kama namba. Namba hazina upepo. Ukikopia namba, kopi ni sawa na ya kwanza, hata ukikopia mara mia, lakini kasete ya kopi ya kopi sote tunajua inakuwa namna gani. Njia si nne tena, ni nyingi unavyotaka. Hakuna dakika 15. Wimbo wa dakika sita, njia mbili, unakula karibu megabaiti 60, na diski ilikuwa na nafasi ya nyimbo mia na mia. Fundi alikuwa na furaha kama mtoto, na sisi pamoja naye.

Juu ya nafasi hiyo, hakuna aliyejizoeza. Hatukuona lazima. Tena hakuna aliyekuja pamoja na mwenzake. Mzee alikuja siku ya posho, kijana wa kwanza siku ya Mungu kisha misa, wa pili katikati ya juma. Mama alikuja wiki ya pili, peke yake, akavalishwa kaske masikioni, akaitikia mtu ambaye hayuko. Fundi alikuwa ameweka kwanza mdundo wa mashine, toki toki toki, ili wote wafuate mwendo mmoja. Mzee alikaa na kaske ile, akapiga kidogo, akasimama. Akauliza: «Mwanangu, minaimbia nani?» Tulicheka. Tulimjibu kwamba wengine watakuja nyuma, ni maendeleo. Tunakumbuka kabisa neno hilo, maendeleo, na kwamba lilitoka katika kinywa chetu.

Kulikuwa pia matata ambayo fundi hakuyategemea. Sauti ilipita ndani ya ordinateri na kurudi katika kaske ikiwa imechelewa kidogo sana, lakini ya kutosha ili mzee ajisikie anapigwa na kivuli chake. Akaanza kukawia, mashine haikumngoja. Na ile desturi ya kusukuma mpaka kwenye nyekundu haikufaa tena. Namba ina dari: ukifika juu kabisa, hakuna kufinywa polepole, sauti inakatwa kama kwa kisu. Karindula ya mzee ilipasuka mara nne au tano. Fundi akashusha sauti yote, na kisha, ili kuficha nyufa, akaweka juu ngoma ya programu.

Tufike kwa majina. Mama aliitikia majina mawili ya kwanza, kisha akauliza kama mzee ameshaita la tatu, sababu hakusikia vizuri. Fundi akamsimamisha. «Mama, inatosha,» akasema. «Mwalimu, musisumbuke bure. Ameitika moja ya muzuri, miye nitaikopie.» Na kweli akaikata, akaibandika mara 11. Alifanya vile vile na vijana. Ilichukua dakika chache. Siku ile tulishangaa kuona kazi ya akili namna hii, tukampa mkono.

Hiyo ndiyo kosa la wimbo wa 2009, na ni kosa moja tu, mengine yote tungeweza kuyasamehe. Sauti ya mama ni safi, ni nzuri, hakuna chupa mbele yake (fundi aliitoa chupa kabisa, alisema inaharibu). Lakini wafu 11 wanajibiwa kwa pumzi moja. Mtu ambaye wote walimjua na mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka wanapata jibu lile lile, kwa namba zile zile. Katika desturi zetu kuitika si kujaza nafasi. Ukiita jina la mkubwa kwenye matanga, aliyeitika anaonyesha kama anamjua, kama analia, kama ana deni naye. Mtu asiyejua wimbo, kutoka nchi nyingine, atasikia 2009 na kusema: muziki safi. Atasikia 2004 na kuuliza: nani alikuwa wa tano?

Kuna wenzetu wa shirika wanaosema basi turudi kwenye bande. Hatukubali, na sababu ziko hapa hapa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, na akarekodi gitare yake, pamoja na Masanga. Tracey alikuwa na tabia ya kushika mikro kwa mkono wake na kuisogeza: kwa vidole wakati gitare inazungumuza, kwa kinywa wakati mtu anaimba. Anayesikiliza Masanga anadhani ni watu wawili wanapiga, kumbe ni mmoja. Ubora ule wengi wanausifu kama wa bande. Sisi tunausikia kama wa mkono: mtu alisimama mbele ya mpigaji na akasikiliza aende wapi. Na tena, kama leo kijana wa Likasi anaweza kumsikia Mwenda wa 1952, ni kwa sababu mkusanyo wa Tracey, unaotunzwa kule Afrika ya Kusini na ILAM, taasisi aliyoianzisha 1954, uligeuzwa namba. Bande peke yake ingebaki katika kabati.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Mwaka huo huo wa 2009 ilitoka Très Très Fort ya Staff Benda Bilili wa Kinshasa. Vincent Kenis, Mbeleji, aliirekodi sehemu kubwa katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, nje, na ordinateri ya kubeba. Hakuna bande. Na unasikia watu wanaotazamana. Miaka miwili kisha, 2011, ikatoka The Karindula Sessions, CD pamoja na DVD, ya Kenis tena, safari hii na vikundi vya kwetu Lubumbashi, BBK, Bana Lupemba na wengine, wakipiga nje katikati ya watu. Tulipoitazama mara ya kwanza tulinyamaza muda mrefu. Ilikuwa ordinateri kama ya fundi wetu, ndugu yake tu mwenye afya zaidi. Tofauti ni kwamba huko waliiweka mbele ya kikundi chote kwa pamoja, na kwetu tulikipanga kikundi vipande vipande kwa kuifuata.

Tunaweza kumkemea Kenis kwa jambo moja: katika DVD picha inasaidia sana, na kuna fasi katika CD ambapo, ukifunga macho, wingi wa makelele unafunika maneno. Karindula ni hadisi pia. Lakini hii ni lawama ya tajiri. Sisi tulikosa hata makelele.

Imebaki kusema yaliyotokea kwa kazi zenyewe. Ordinateri ilipofika, fundi alikuwa na kasete tatu za njia nne za kikundi chetu. Alituuliza kama anaweza kuzitumia tena, kwaya moja ilikuwa inataka kasete. Tulisema ndiyo. Hakutudanganya, hakutuibia, alituuliza na tukajibu. Mbili zilifutwa. Ya tatu ilisahaulika ndani ya sanduku. Mzee alikufa mwaka 2010. Mwaka 2012 diski ya ordinateri ilikufa pia, kisha siku nyingi za umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, na hakukuwa na kopi. Kazi ya 2009 ilibaki juu ya CD moja tuliyochomewa, ambayo leo inasoma nusu, na MP3 katika simu ya mmoja wa vijana. Kumbe namba ambazo hazizeeki zinaweza kufa kwa siku moja, na bande yenye upepo inakufa polepole, inakupa nafasi ya kujua kwamba inakufa.

Mwaka 2019 tulipata ile kasete ya tatu. Ilikuwa na ukungu mweupe pembeni. Mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye leo anatengeneza simu Kamalondo, alifungua ganda lake, akahamisha bande katika ganda jipya, akasafisha kichwa cha mashine na alkoli, akageuza ile skrubu ndogo ya kichwa mpaka sauti kali zikajitokeza. Mashine ya njia nne hatukuipata. Akaicheza katika mashine ya kawaida. Ikatoka sauti nzito ya pole pole, kama ya mtu wa chini ya maji, sababu ya mwendo nusu. Na alipogeuza kasete, njia mbili zingine zikatoka kinyumenyume. Watoto walikimbia. Lakini aliingiza vyote katika ordinateri, akazidisha mwendo mara mbili, akageuza kilichokuwa kinyume, kisha akaanza kusogeza pande zile mbili ili zikutane, sababu bande haikimbii sawasawa mara mbili. Ilimchukua jioni nyingi. Sauti bado imebanwa, kwa maana mashine ya zamani ilikuwa inafinya sauti kwa dbx wakati wa kurekodi na ilipaswa kuifungua wakati wa kucheza. Alijaribu kuifungua kwa mkono, haikufika kabisa.

Tulimpelekea mama asikilize zote mbili, na jibu lake halikuwa lile tulilolitaka. «Mwalimu, mu ile ya zamani minasikia chupa tu,» alisema. «Mu hii ya ordinateri, angalau minajisikia miye mwenyewe.» Tulimwonyesha majina. Alisikiliza 2009 mpaka mwisho, akaomba turudilie jina la tano. «Hapana,» akasema, «hii sikuitikaka vile. Huyu alikuwa yaya yangu.» Na akaomba tena ile yenye sauti yake safi, aisikilize peke yake.

Hatujui kupatanisha mambo hayo mawili na hatutajaribu. Kijana wa Kamalondo alijaribu kumtoa mama nyuma ya chupa. Haiwezekani vizuri, wako juu ya njia moja. Alichoweza ni kushusha mlio wa chupa pale tu mama anapoitika, jina kwa jina, mara 11, na kila mara kwa kipimo chake. Amefika jina la nane. Kasete yenyewe iko kwetu, katika sanduku la bati pamoja na mchele kidogo kwa ajili ya unyevu. Kama kati ya wasomaji kuna mwenye mashine ya njia nne inayozunguka bado, ya mwendo wa mara mbili na yenye dbx, atutafute kupitia shirika. Tutakuja na kasete mkononi, hatutaituma.